Kwa nini Mandela Road ya Dar bado inakwama baada ya Tazara na Ubungo? Na mwendokasi (mabasi yenye njia yao) awamu ya tano itatuokoa au itatumaliza?

#1 Mkazi wa External
Wakuu salaam. Swali fupi, maelezo marefu, mnivumilie.

Tuliambiwa Tazara ikipata daraja na Ubungo ikipata zile ngazi tatu basi Port Access nzima, yaani hii Mandela, itapumua. Mfugale, ile ya Tazara, ikafunguliwa Septemba 2018, tukashangilia. Kijazi, ile ya Ubungo, ikafunguliwa Februari 2021, tukashangilia tena na selfi tukapiga. Leo ukitoka Uhasibu saa kumi na moja jioni unaenda Mwenge bora ubebe na chakula cha usiku. Foleni haijaisha, imehama tu, ya Tazara imesogea Buguruni, ya Ubungo imerudi Tabata.

Sasa kuna hii mwendokasi awamu ya tano inayotakiwa kupita humo humo Mandela. Barabara yenyewe ni njia mbili kwenda mbili kurudi. Ndiyo ringi (barabara ya kuzunguka mji) pekee ya maana tuliyonayo mjini, inakata Kilwa Road, Nyerere, Uhuru, Morogoro Road, halafu Sam Nujoma inaipeleka mpaka Bagamoyo Road. Ukiibana hii umeubana mji mzima. Dai langu ni kwamba wanaenda kuiua. Aliye na hoja aje, aliye na matusi apite kushoto.

#2 Siti ya Dirishani
Ngoja waje wataalamu. Nimeshakaa.

#3 Konda Mstaafu
Mkuu swali lako lina jibu la neno moja, MALORI. Mi nimepiga debe Tandika–Mwenge miaka hiyo, hii barabara naijua kila shimo. Semi ikiwa na kontena la futi arobaini inasimama ya kwanza kwenye taa, taa inawaka kijani, dereva anaachia breki ya upepo tsssss, anaingiza gia, chuma kinaanza kujivuta kidogo kidogo, mkia unapomaliza kuvuka mstari mweupe taa ishageuka njano. Nyuma yake ukiwa na Hiace na abiria wanakuangalia wewe kama vile wewe ndo umelipaki lile lori. Wapige marufuku malori mchana, uone kama hamtatembea.

#4 Wakala Kurasini
#3 heshima yako mzee wa debe lakini hapo umesema kishabiki. Malori yapite wapi? Bandari iko hapo tangu babu zetu. Hiyo barabara ilijengwa kwa ajili ya bandari, ndo maana mleta uzi mwenyewe anaiita Port Access, nyie na Vitz zenu ndo wageni.

Niwape kitu ambacho watu wa nje ya kazi hii hawakijui. Kontena moja linaweza kupita Mandela mara tatu. Linatoka getini likiwa limejaa linapelekwa bandari kavu ya binafsi, labda Chang'ombe, labda Tabata, labda Ubungo huko. Likishalipiwa linatoka pale linaanza safari ya mkoani au Zambia au Kongo. Likirudi tupu linaenda yadi ya wenye makontena. Safari zote hizo, barabara moja. Kwahiyo tatizo siyo lori, tatizo ni nani aliyeruhusu yadi zikae katikati ya makazi. Toeni yadi mjini, nusu ya malori yanapungua bila kumfukuza mtu.

#5 Konda Mstaafu
Mkuu wa #4 kumbe tumesema kitu kimoja, we umetumia maneno mengi tu kwa sababu unalipwa kwa nyaraka.

#6 Wakala Kurasini
😂😂 haya bwana

#7 Mchora Ramani
Wote mnazunguka mbuyu. Hebu tuangalie zile flyover zenyewe zimejengwa kwa ajili ya nani.

Mfugale iko kwenye Nyerere Road. Yaani anayepaa pale juu ni anayetoka mjini kwenda uwanja wa ndege au anayetoka Gongo la Mboto kuingia mjini. Anayetembea Mandela, kutoka bandarini kwenda Buguruni, bado yuko chini anasubiri taa. Amepata nafuu kwa sababu ule mzunguko wa taa hauna tena yale magari ya moja kwa moja ya Nyerere, lakini hajapewa njia yake. Ubungo ndo pekee ambapo mtu wa ringi naye kafikiriwa kweli. Sasa ukimwachia mtu kutoka Ubungo bila kusimama, anafika Tabata haraka kuliko zamani. Kwahiyo Tabata inapokea magari mengi kwa mkupuo, na Tabata haijabadilika. Hiyo ndo "foleni kuhama" anayoisema mleta uzi. Ringi inafunguliwa kipande kwa kipande, na kila kipande kilichofunguliwa kinamsukumia mzigo aliyefuata.

Makutano ya Tabata na Mwenge yametajwa miaka nenda rudi kwenye orodha za flyover zijazo. Mpaka zote ziishe ndo mtaona ringi inafanya kazi ya ringi.

#8 Mjukuu wa Injinia
Nakubaliana na #7 ila niongezee, zile zote za Wajapani zina viwango, Tazara na Ubungo wamejenga kwa umakini sana, tungewaachia na Buguruni wangemaliza.

#9 Mchora Ramani
Tazara ndiyo ya Wajapani, msaada wa JICA, shirika lao la misaada, kampuni ya Sumitomo Mitsui. Ubungo ni mkopo wa Benki ya Dunia na waliojenga ni Wachina, CCECC. Jiwe la msingi la Ubungo liliwekwa Machi 2017 na rais wa Benki ya Dunia mwenyewe wakati huo, Jim Yong Kim, alikuwepo pale na JPM (Rais Magufuli).

#10 Mjukuu wa Injinia
Haya mwalimu. Ila foleni haiulizi nani kakopesha.

#11 Siti ya Dirishani
Babu injinia huko aliko anasikitika 😂

#12 Mama Tabata
Jamani na mimi nisemee upande wa sisi tunaokaa huku. Mnasema malori mara flyover, hamjiulizi kwa nini watu wote tunalazimika kuingia Mandela hata kama hatuna shida nayo. Mimi natoka Tabata Kimanga naenda kazini Mabibo. Ni karibu tu, jogoo akiwika huku anasikika kule. Lakini katikati kuna bonde la Msimbazi, na huwezi kulivuka popote unapotaka. Lazima uje uungane na watu wa bandarini, watu wa Mbagala, watu wa Tegeta, wote tupite kwenye daraja moja pale Matumbi. Mvua zikipiga za masika ndo usiseme, ukiambiwa maji yamejaa Jangwani na Kigogo basi na waliokuwa wanapita huko wote wanahamia kwetu.

Sasa mtu anasema ringi. Ringi gani wakati watu wa mtaa kwa mtaa ndo tunaitumia kama uchochoro?

#13 Mkazi wa External
Mama Tabata umeongea. Hilo sikuwa nimelipa uzito, nilikuwa nawaza magari ya mbali tu.

#14 Kijana wa Goba
Ndo maana hizi barabara za pembeni ni muhimu kuliko flyover zote. Angalia ile ya Mbezi Mwisho – Malambamawili – Kinyerezi – Banana. Mtu wa Mbezi anaenda airport siku hizi haoni Ubungo wala Tazara. Goba–Tegeta hivyo hivyo. Zikiungwa vizuri hizo unapata ringi ya nje bila kuiita ringi. Hata ule mpango mkuu wa usafiri wa JICA wa 2008 ulikuwa na ringi za ndani na nje, siyo hii moja tu. Tatizo letu tunasubiri jambo kubwa wakati ndogo ndogo ndo zinaokoa.

#15 Mchora Ramani
#14 sawa lakini Banana hapo inakumwaga wapi? Nyerere Road. Na Nyerere nayo ina mwendokasi awamu ya tatu. Bado hujapona.

#16 Kijana wa Goba
Mi nimeshapona mkuu, nafanyia kazi nyumbani 😎

#17 Fundi Lami
Naona hakuna aliyegusa barabara yenyewe, yaani lami. Nimefanya kazi za barabara muda mrefu, sitaji wapi.

Ukikaribia taa za Buguruni ukitokea Tazara, njia ya kushoto, tazama chini. Lami imejikunja kama mkeka uliovutwa. Kuna mifereji miwili ya matairi na katikati kuna tuta, na karibu na mstari wa kusimamia tuta linainuka mpaka gari ndogo ya chini inakwaruza tumbo. Watu wanadhani ni uzembe wa aliyejenga. Mara nyingi siyo hivyo. Lami inapenda gari lipite, haipendi gari lisimame. Lori la tani hamsini na kitu (kikomo cha Afrika Mashariki ni 56) likipita linaondoka na uzito wake, likisimama juani, mchana wa Dar, lami imelainika, uzito wote unakaa pale pale, halafu linapong'oa linaisukuma lami nyuma na linapofunga breki linaisukuma mbele. Fanya hivyo kutwa kucha miaka mitano.

Sasa dereva wa gari ndogo anaikimbia ile njia ya kushoto, anabanana kulia. Una njia mbili kwenye ramani, kwenye uhalisia una njia moja na nusu. Hiyo ni foleni ambayo hakuna flyover inayoitibu. Ndo maana njia ya mwendokasi inamwagwa zege, na mimi naona hata njia za kusubiria taa zote za Mandela zingemwagwa zege. Ghali, ndiyo. Ila unajenga mara moja.

#18 Konda Mstaafu
Hii ya mifereji ni kweli kabisa. Pale hata abiria wa mlangoni walikuwa wanajua kujishika bila kuambiwa.

#19 Mzee wa Relini
Mimi nawashangaa hamtaji reli. Mwaka 2012 ilipoanza ile treni ya mjini tuliyoiita ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wakati huo, ilipita wapi? Stesheni, Kamata, Buguruni kwa Mnyamani, Tabata Relini, Matumbi, Mabibo, Ubungo Maziwa. Yaani pembeni ya hii hii Mandela mnayoililia. Reli ipo tangu zamani, mkuza upo, stesheni zinajulikana. Mngeiweka reli ya maana pale, ya treni kila dakika kumi, wala msingehitaji kubomoa hata kibanda cha mkaa. Lakini sisi tunapenda lami.

#20 Kijana wa Goba
Mzee treni ile ilikuwa ikipita wenye magari tunasimama kwenye makutano ya reli tunaiangalia. Treni kila dakika kumi maana yake Mandela inafungwa kila dakika kumi. Labda uinyanyue juu kama SGR ilivyonyanyuliwa kutoka Stesheni.

#21 Mzee wa Relini
Basi inyanyuliwe. Kinachonyanyuliwa ni magari tu?

#22 Jirani wa X
Nyie mnaongelea kunyanyua, sisi wenye nyumba kando ya barabara tunaongelea rangi. Wanaokumbuka Kimara 2017 wanajua. Nyumba zaidi ya elfu moja zilikwenda chini Morogoro Road pale kwa sababu hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Leo pale kuna njia nane mpaka Kibaha, pazuri, napita nafurahi, halafu nakumbuka ilipokuwa nyumba ya rafiki yangu.

Swali langu kwa wajuzi. Mwendokasi ikija Mandela, ile X ya kubomolewa wanayochora ukutani itakuwa nyekundu au ya kijani?

#23 Siti ya Dirishani
Tofauti yake nini? Mi nilijua X ni X tu.

#24 Mwanasheria wa Kijiweni
Nyekundu maana yake umejenga ndani ya hifadhi, unaondoka mikono mitupu. Kijani maana yake barabara imekufuata wewe, unafanyiwa tathmini na kulipwa. Sheria ya Barabara ya 2007 ndo ilichanganya watu wengi kwa sababu hifadhi ya barabara kuu iliongezwa kutoka mita 22.5 mpaka 30 kila upande kutoka katikati. Sasa aliyejenga kihalali nje ya 22.5 kabla ya sheria akajikuta yuko ndani ya 30. Huyo anapaswa kuwa kijani. #22 kama una hati au leseni ya makazi itunze kama cheti cha ndoa, piga picha za nyumba, hifadhi risiti za kodi ya jengo. Usisubiri rangi.

#25 Jirani wa X
Shukrani sana mkuu. Cheti cha ndoa chenyewe sijui kiko wapi.

#26 OutaRing Nrb
Sasa watu wa Bongo, mko poa? Nimesoma hii uzi nikacheka kwa sababu hii story ni ya Outering yetu huku Nairobi kabisa. Kilomita kama 13, kutoka Thika Road pale GSU mpaka Taj Mall kule Embakasi. Ilikuwa ndogo, imejaa mashimo, matatu zinapanda mpaka kwa mtaro. Wakapanua kwa pesa ya AfDB (Benki ya Maendeleo ya Afrika), Sinohydro akajenga. Ikawa nzuri, mnatembea. Lakini lami ilikuja kwanza, footbridge zikaja baadaye, na watu waligongwa sana wakivuka kwenda job. Kwa hivyo mkiwa mnabishana flyover na BRT (hiyo mwendokasi yenu) ulizeni pia mtu wa miguu anavukia wapi. Yule ndio huwa wanasahau.

Na ile Taj Mall yenyewe waliibomoa 2018, jengo mzima ya ghorofa. Kwa hivyo huyo wa X ajipange.

#27 Konda Mstaafu
Karibu sana jirani. Je katikati waliacha nafasi ya mwendokasi?

#28 OutaRing Nrb
Waliacha. Nyasi ilifurahia hiyo nafasi miaka mingi. Hata Eastern Bypass walijenga leni moja kila upande, ikajaa, wakarudi kuipanua. Kampala pia Northern Bypass ilifunguliwa 2009 ikiwa ndogo, ikabidi warudi kuongeza. Yaani huku kwetu ringi hujengwa mara mbili.

#29 Mswahili wa Houston
Habari za huko nyumbani. Niwape uzoefu wa huku niliko, Houston ina ringi ya ndani inaitwa Loop 610, ikajaa wakajenga ya pili, Beltway 8, ya kulipia kwa sehemu kubwa, sasa wana ya tatu Grand Parkway. Halafu kuna ile Katy Freeway waliipanua wakamaliza 2008, sehemu nyingine ukihesabu na barabara za pembeni inafika njia 26. Ikapumua miaka michache foleni ikarudi. Watu wakiona barabara pana wanahamia mbali zaidi na wanaendesha zaidi. Kwahiyo suala la kuongeza njia peke yake

#30 Siti ya Dirishani
Nilikuwa nasubiri. Uzi haujakamilika mpaka Houston ifike 😂😂😂 hata uzi wa bei ya dagaa Houston ilikuwepo.

#31 Mswahili wa Houston
Simu ilibonyezeka kabla sijamaliza. Nacheka na wewe ila hoja iko pale pale, kuongeza njia hakutoshi.

#32 Makulu Dodoma
Njooni huku kwetu basi mpumzike. Sisi tumejengewa ringi kabla ya foleni. Kilomita 112.3, njia nne, hela ya AfDB, inazunguka Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa, Matumbulu inarudi Nala. Lori la kutoka Dar kwenda Singida halina haja ya kuuona mji. Dar mlingoja mji ujae ndo mkaanza kutafuta pa kupitisha.

#33 Konda Mstaafu
Dodoma hiyo ringi wanaitumia mbuzi na viongozi.

#34 Makulu Dodoma
Cheka tu. Ukija kununua kiwanja Veyula usiniulize bei.

#35 Mama Tabata
#34 bei ikoje kwani? 😅

#36 Mchora Ramani
Kabla hamjaanza udalali wa viwanja turudi kwenye swali la pili la mleta uzi, mwendokasi.

Mkazi wa External anasema wataiba njia. Angalia Morogoro Road kutoka Kimara mpaka Magomeni. Magari ya kawaida yana njia mbili kila upande kama yalivyokuwa, mwendokasi imewekwa katikati kwa kupanua barabara. Hawakuiba njia, walichukua hifadhi. Kwahiyo Mandela wakifuata mtindo ule ule, hofu yako ya njia kupungua haina msingi, hofu ya Jirani wa X ndo ina msingi.

Pili, ile ni njia ya kuunganisha. Sasa hivi awamu ya kwanza iko Morogoro Road, ya pili Kilwa Road, ya tatu Nyerere Road, ya nne Bagamoyo Road na hicho kipande cha Sam Nujoma Ubungo–Mwenge. Zote zinaelekea mjini. Mtu wa Mbagala anayeenda Ubungo kwa mwendokasi anatakiwa aende mpaka Kariakoo ageuze. Ya tano, ile ya hela ya Wafaransa wa AFD, ndiyo inayozifunga zote kwa pembeni. Bila hiyo mna vidole bila kiganja.

#37 Mkazi wa External
Mkuu nakuelewa kwenye karatasi. Lakini njia ni kitu kimoja na makutano ni kitu kingine. Basi la mwendokasi linapita kwenye taa zile zile za Buguruni. Kila basi likipewa sekunde zake, za nani zinapungua? Na mwendokasi ikiwa katikati huwezi kukata kulia popote wala kugeuza, unaenda mpaka taa za mbele ukageuzie huko, kwahiyo magari yanaongezeka kwenye taa. Morogoro Road tumeona, mtu anataka kuingia nyumbani kwake upande wa pili anaenda kugeuza kilomita mbili mbele. Bila flyover za ringi mwendokasi itakuja kukaa foleni na sisi.

#38 Fundi Lami
#37 hapo umepiga penyewe. Vitu hivi viwili vilitakiwa vichorwe pamoja na viwe mkataba mmoja, siyo huyu anajenga leo yule anakuja kuvunja kesho.

#39 Daladala Owner
Na sisi wenye vidaladala mmetusahau. Hesabu ya bosi hapa ndo mimi. Foleni ikikaza dereva anakatisha ruti. Anatakiwa afike Mawasiliano, akifika Buguruni anasema mwisho wa gari, anashusha watu anageuza. Siyo ukatili, akienda mpaka mwisho anarudi na tripu moja na hesabu haifiki. Sasa wale abiria walioshushwa wanapanda gari lingine au bodaboda, pale kituoni watu wanajaa mpaka barabarani, magari yanasimama njia ya pili kupakia. Foleni inazaa foleni. Mkitaka kuimaliza anzeni na vituo, jengeni mabega ya vituo marefu, siyo yale ya gari mbili.

#40 Mama Tabata
Kumbe ni wewe unayetushusha! Nauli ya kipande cha pili unarudisha lini?

#41 Daladala Owner
Mama mimi sipo barabarani, niko nyumbani nasubiri hesabu kama wewe unavyosubiri gari.

#42 Yanga Mabibo
Hakuna aliyesema mechi. Siku ya Simba na Yanga pale kwa Mkapa, kuanzia saa nane mchana Mandela kuanzia Uhasibu mpaka Tazara ni parking. Uwanja ulifunguliwa 2007, watu elfu sitini, unafikiwa kwa barabara hizo hizo. Siku hiyo hata lori la Wakala Kurasini linavaa jezi.

#43 Mlipa Tozo
Suluhisho ni moja, tujenge ya juu kwa juu kutoka bandarini mpaka Ubungo, ya kulipia. Mwenye haraka na mwenye lori alipe apae. Sekta binafsi ijenge, serikali isitoe hata senti.

#44 Mkaazi wa Kigamboni
#43 wewe hujawahi kukaa Kigamboni. Sisi daraja letu lilifunguliwa Aprili 2016, mita 680, tukaambiwa tulipe. Umeshawahi kulipia kwenda kununua mkate? Na ukishalipa unashuka Kurasini unakutana na nini? Na hiyo hiyo Mandela. Yaani unalipia kuingia kwenye foleni. Na nyie mnaohesabu malori mtuhesabu na sisi, wote wanaohamia Kigamboni wanamwagika hapo.

#45 Wakala Kurasini
#43 na lori likilipa juu kwa juu, gharama inaingia kwenye bei ya sukari. Halafu mzigo wa Zambia na Kongo una bandari nyingine za kwenda, usiwasahau watu wa Beira na Durban.

Mi nasema suluhisho ni kontena lisiingie barabarani kabisa. Bandari kavu ya Kwala imefunguliwa Julai 2025, reli ipo, kontena lishuke melini lipande treni, dereva wa Lubumbashi akalichukulie Kwala. Hapo Konda Mstaafu atapata barabara yake.

#46 Konda Mstaafu
Na wewe wakala utahamia Kwala?

#47 Wakala Kurasini
Hilo swali tuliache kwanza 😂

#48 Mchora Ramani
Kuna jambo moja sijaona limeguswa. Sensa ya 2002 Dar tulikuwa milioni 2.5 hivi. Ya 2022 tuko milioni 5.38. Mara mbili na zaidi ndani ya miaka ishirini, na barabara hii ni njia mbili mbili vile vile. Hata ungeondoa malori yote na taa zote zikawa flyover, hao watu wapo. #29 pamoja na kuchekwa alikuwa na hoja.

#49 Mswahili wa Houston
Asante mkuu 🙏 nitunzie hiyo komenti.

#50 Mzee wa Relini
Milioni tano na hamtaki treni. Endeleeni.

#51 Bodaboda Riverside
Nimesoma yote nikiwa nasubiri abiria. Mkimaliza foleni sisi tutakula wapi? Acheni kama ilivyo.

#52 Siti ya Dirishani
Hatimaye mtu mkweli.

#53 Mkazi wa External
Naona mpaka sasa tuna malori, yadi, flyover zilizowekwa upande usio, bonde la Msimbazi, lami, vituo, mpira, daraja la Kigamboni na wingi wa watu. Kila mtu kaja na lake na mimi bado naona mwendokasi bila flyover ya Buguruni na Tabata ni kujisumbua. Mchora Ramani hujanijibu #37 kuhusu sekunde za taa.

#54 Mchora Ramani
Nitakujibu jioni, niko barabarani.

#55 Konda Mstaafu
Barabara gani?

#56 Mchora Ramani
Tabata hapa. Halijasogea tangu #48.

#57 Makulu Dodoma
Mama Tabata nimekutumia bei PM.